Mto Nilioujua Kiangazi

Hapana, Mbwemkuru msiende. Nendeni Lukuledi, na huko nako si mwezi huu.

Najua hamjaniuliza. Rehema mjukuu wangu ameacha mdomo wazi na muhogo umo ndani. Funga, mwanangu, nzi wa Naipingo hawana adabu. Toka asubuhi nawasikia hapo barazani na hilo boti lenu la mpira la kupulizia, mnabishana mto upi una maji ya kasi ya kuruka nayo, upi hauna mzuka. Jioni mngekuja kwangu mkishakubaliana wenyewe, ili bibi aseme ndiyo, awape baraka na mihogo ya njiani. Mimi hiyo ndiyo nimeichoka. Najibu sasa hivi kabisa, halafu nikalale.

Na wewe mwenye miwani, nimekusikia: "Bibi bana, sisi tumeshacheki kwenye simu, mto uko poa." Poa! Simu yako imeoga Mbwemkuru lini?

Chekeni. Sauti za watu huniingia tu, sizitafuti. Kaeni chini, sina pumzi ya kusema mara mbili.

Nakumbuka siku moja ya masika, miaka ya tisini mwanzoni. Mama yako, Rehema, alikuwa anang'oka meno ya utoto. Mimi nilikuwa nimeachika mara ya kwanza, nimerudi kwa mama kule Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Sikuwa kigori tena, ila akili ilikuwa bado ya kigori. Nilikuwa na mdogo wangu, Somoe. Tulipishana miaka saba, mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Kila kitu ananiuliza mimi. "Dada, hii kanga inanikaa?" "Dada, huyu mtu ni wa kweli?" Hata chumvi ya mboga hatii mpaka nionje mimi.

Huyo mtu aliyekuwa ananiuliza habari zake alikuwa Mwalimu Kassim. Serikali ilimleta kufundisha kwetu kutoka Kigoma, na alikuwa wa kweli. Mrefu, mpole, anaongea taratibu kama anayemsomea mgonjwa barua: "Shemeji... habari... za... nyumbani?" Ukimjibu wewe umeshamaliza kupepeta mchele. Mahari ilishapokelewa. Ndoa ilikuwa ingoje ufuta uvunwe.

Sasa Mwalimu alikulia kwenye maji. Kwao kuna mto Malagarasi, anasema walikuwa wanashuka nao juu ya magogo wakiwa watoto. Kufika kwetu akakuta kiangazi, mto mzima ni mchanga, wanawake wamechimba visima humo katikati, kila nyumba na kisima chake kimezungushiwa miba. Akasimama pale na suruali yake ya ualimu akasema, "Shemeji, mto wenu... umekwenda wapi?" Nikamwambia umekwenda kwao kuposa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ila mwaka ule mvua zilinyesha, wanangu. Zilinyesha mpaka ukuta wa jiko ukakaa chini wenyewe. Mwalimu akaamka kama mgonjwa aliyepona. Akapata mipira ya ndani ya matairi ya lori kwa watu waliokuja kununua korosho, minne, akaifunga pamoja, juu akatandika mianzi. Akampata na mwenzake, Bwana Shamba, Msukuma mmoja mnene wa Shinyanga, sauti kama ngoma iliyopasuka: "Mimi siogopi maji! Mimi nimelima mpunga!" Kuogelea hajui, na kusema hajui hataki.

Akaja kwangu jikoni, Mwalimu. Akachuchumaa. "Shemeji, nichagulie mto. Lukuledi au huu wenu. Nataka kumpeleka Somoe. Nataka siku... ambayo ataikumbuka mpaka uzeeni."

Mngejua nilivyojisikia. Mimi shule nilipita nje tu, nikipeleka mihogo ya kuuza. Leo mwalimu mzima amechuchumaa jikoni kwangu, ananiuliza mimi. Nilinyoosha shingo kama bata.

Nikamwambia Lukuledi ni mpana, umepoa, utakaa juu yake usinzie kama mzee msikitini. Ukitaka siku ya kukumbuka, chukua Mbwemkuru, anzia pale Majiweni. Pale mto unabanwa na mawe, maji lazima yaruke. Na mawe yale nayajua. Tangu nikiwa na miaka sita nachota maji pale, nafua pale, nalowekea mihogo pale. Kila jiwe wanawake tumelipa jina. Kuna jiwe Kitanda, tunaanika nguo juu yake. Kuna Chungu, lina shimo. Nikachukua mkaa nikamchorea kwenye sakafu: mkifika Kitanda pitieni kushoto, kushoto ni mchanga mtupu, upana wa mikeka miwili, hakuna jiwe hata la kukunia kisigino.

Na ni kweli, wanangu. Sikudanganya hata kidogo. Kiangazi ndivyo palivyo.

Lakini masika mimi nilikuwa wapi? Masika sisi wote tunahamia shamba huko juu, tunalinda mahindi, nguruwe usiku na ngedere mchana. Maji tunakinga ya mvua. Nani atashuka mtoni kufanya nini? Miaka yote ile nimezaliwa pale, nimekua pale, nimeolewa nikaachika, mto ule sikuwahi kuuona umejaa. Hata mara moja. Na haikunijia kichwani. Nilidhani mto ukijaa ni uleule, umeongezewa maji kama mchuzi.

Siku ya siku nikamwambia mama tunakwenda kupalilia ufuta wa shangazi. Tukashuka Majiweni wanne. Tunakaribia nikasikia kitu kinanguruma. Nikauliza lori gani hilo. Bwana Shamba akanionyesha mto kwa kidevu.

Kitanda kilikuwa hakionekani. Mahali pake palikuwa na mgongo wa maji unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, rangi ya chai ya maziwa. Nami nikafanya nini? Nikaanza kuchekesha. Mimi nikiogopa nachekesha, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwiga Bwana Shamba, "Mimi nimelima mpunga!" Wakacheka, hofu ikapungua, yao na yangu.

Ndipo akatokea Mzee Mtumbwi. Jina lake la kweli hatukulitumia. Masika ndiye aliyekuwa na mtumbwi wa kuvusha watu, kule chini mto unapotulia. Meno ya mbele hana, akisema anapiga mluzi, na macho anayapepesa. Na Kiswahili chake kile cha wazee wetu, mto anauita nto.

"Nani kawaambia hapa pana njia?"

Nikasema, "Mimi, babu."

"Wewe nakujua. Kiangazi nakuona na ndoo yako. Masika sijakuona. Nto huu ukijaa unabeba nchanga wote. Chini ya nchanga kuna mawe mengine. Na juzi umeshuka nti nzima na mizizi yake, umekwama hapo kushoto, sasa hauonekani. Nendeni kule chini, au nendeni Lukuledi. Huku ntu hapiti."

Maneno yote hayo leo nayajua kama yasini. Siku ile nilisikia mluzi tu. Nilimwona Mwalimu amegeuka kumsikiliza, kwa adabu, amekunja mikono. Nikaona ile shingo yangu ya bata inafupishwa mbele ya watu. Basi nikamwiga. Nikapepesa macho, nikaficha meno kwa midomo, nikapiga mluzi: "Nto huu, wajukuu, unabeba nchanga, unabeba nti, unabeba na meno ya wazee!"

Wajameni, nilimpatia. Nilimpatia kama nimemzaa. Bwana Shamba alishika magoti. Mwalimu mwenyewe alijizuia, akashindwa. Hata Somoe aliziba uso na kanga, mabega yanacheza.

Mzee hakutukana. Alisubiri tumalize. Hatukumaliza, akaokota kasia lake akashuka zake.

Somoe akanishika mkono. Alikuwa ameshavua ndala. Akaniuliza, "Dada, kweli pale kushoto pana njia?"

Nikamwambia, "Pana njia."

Ndilo swali la mwisho aliloniuliza.

Wakakaa juu ya mianzi, Mwalimu mbele na mti wake wa kuongozea, Somoe katikati, Bwana Shamba nyuma amekumbatia mpira. Mimi sikupanda, nilisema lazima mtu abaki na ndala. Maji yaliwachukua kabla sijasema bismillahi. Mwalimu alijua kazi yake, nisimsingizie. Jiwe la kwanza alilikwepa, la pili akalikwepa. Somoe alipiga kelele ya furaha, niliisikia. Wakafika kwenye ule mgongo wa maji. Mwalimu akasukuma mti wake, akapeleka kushoto, vilevile kama nilivyomchorea kwa mkaa.

Mipira ikasimama ghafla. Ilikuwa inakimbia, ikasimama. Mianzi ikainuka kama mlango. Somoe na Bwana Shamba wakarushwa wakapotea, halafu nikawaona vichwa kule chini, vimeshikilia mpira mmoja uliokatika kamba. Mwalimu sikumwona akirushwa. Mwalimu alikuwa palepale. Mguu wake umeingia kati ya ule mti aliousema mzee na jiwe ambalo mimi sikulipa jina, na maji yanampita juu ya mabega, anainua kidevu, anavuta pumzi, yanamfunika, anainua tena.

Nilikimbia na ndala za watu mikononi napiga yowe. Mtu wa kumpigia yowe alikuwa mmoja tu.

Akaja. Na macho yake yale anayapepesa. Kwanza aliwaokota wale wawili kule chini na mtumbwi. Halafu akapanda ukingoni, akajifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akampa Bwana Shamba aizungushe kwenye mti wa nchi kavu, akaingia majini kwa kushika matawi ya ule mti uliozama. Mzee wa umri wangu huu wa leo. Alikaa humo muda ambao mimi mpaka leo nausikia mgongoni. Mwalimu akatoka hai. Mguu ulitoka nao, ila haukuwa mguu tena.

Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi barabarani, tukapata lori, hadi hospitali Nachingwea. Alilala huko miezi. Ufuta ukavunwa, ndoa haikufungwa. Bwana Shamba aliomba uhamisho, sikumsikia tena kusema amelima mpunga. Mzee Mtumbwi nilimpelekea kuku wawili kumwomba radhi. Akawapokea, akasema kuku wazuri. Safari hii sikuwa na sauti ya kumwiga.

Sasa sikilizeni, maana nimechoka na mgongo unauma. Siwakatazi kwenda. Nyie ni vijana, mkikatazwa mtakwenda bila kuniaga, kama sisi na ule ufuta wa shangazi. Lakini mto msiuchague kwa jina, wala kwa picha, wala kwa mtu kama mimi anayesema nimezaliwa pale. Muulizeni amezaliwa pale mwezi gani. Tafuteni anayevuka maji yakiwa yamejaa, mwaka huu, wiki hii. Tembeeni kwa miguu ukingoni kwanza, mwanzo hadi mwisho, muone maji yanapofichia mambo yake. Mkisikia ngurumo mkaanza kuchekeshana, jueni mmeogopa, na mkiogopa rudini. Anzeni na Lukuledi uliopoa. Wewe mwenye miwani utasinzia, usinzie salama.

Na mkimkuta mzee hana meno, anapiga mluzi, kaeni chini. Mluzi mtauzoea, maneno yako nyuma yake.

Mungu awatangulie, awape maji yenye njia, awarudishe na miguu yote. Rehema, wewe nakuombea na jingine: uzeeni uwe na wa kukuuliza chumvi.

Eti "Bibi, na Somoe?" Nilijua utauliza, una macho yake.

Somoe alimfuata Mwalimu wake Kigoma, wakaoana hukohuko. Wana watoto, nasikia. Siku ile wanaondoka nilimsindikiza hadi lilipoegeshwa lori. Mwalimu amekaa mbele na magongo yake. Mimi naongea bila kupumua, Somoe hivi, Somoe vile, ningejua, nisingejua, nikamwiga hata konda ili acheke. Akaniacha nimalize. Halafu akasema neno moja, akapanda. Barua hajaandika, simu hapigi.

Naweza kuwaigia kila mtu hapa Naipingo na Ruangwa yote, waliopo na waliokufa. Sauti ya Somoe siiigi. Neno lake lile nitalisema kwa hii yangu.

"Ungenyamaza, dada, tungemsikia yule mzee."