Siku Niliyokwenda Queensburgh Kuwa Maiti

Jumamosi, tarehe 7 Septemba. Asubuhi manyunyu na upepo wa kutikisa madirisha ya mtaa wetu wa Point, baadaye jua.

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mdogo wangu Riziki. Anasoma chuo kikuu mambo ya maafa: mafuriko, moto, namna ya kuokoa watu. Yuko mwaka wa mwisho. Leo ulikuwa mtihani wake wa uwanjani, na wanafunzi waliombwa walete watu wa kujifanya majeruhi. Asipofaulu atarudia mwakani, na kazi ya usalama aliyoahidiwa kwenye maghala ya Mobeni atapewa mwingine. Mimi nasuka nywele, shule niliishia la sita, pengine sina haki ya kucheka. Lakini nilicheka. Mji huu mvua ikikasirika nyumba zinateremka na mlima, na wao wanajifunzia mafuriko kwenye uwanja wa mpira!

Tulipanda kombi ya kanisa, wamama wa kwaya watupu. Mama Debora, kiongozi wetu, alikaa mbele na chupa yake ya chai.

"Furaha, tunaenda kulia tu?"

"Kulia na kulala chini, mama."

"Kulia najua. Kulala chini na kitenge hiki kipya, hapana."

Baada ya robot za mjini, zile taa za barabarani, barabara ilianza kupanda. Queensburgh ni nyasi zilizokatwa, ukuta, ukuta tena, halafu mbwa. "Eish, huku hata mbwa iko na bustani yake," Mama Debora akasema.

Uwanjani tulipokelewa na mwalimu, mtu mrefu mwenye kizibao cha njano. Nyuma yake vijana walivaa viatu vya kazi ambavyo havijawahi kuona tope. Walikuwa na hema, bendera, na kipaza sauti cha kumwita mtu aliyesimama pale pale. Niseme haki: chai walitupa, na biskuti, na viti vya kivulini. Riziki sikumwona. Watahiniwa waliwekwa nyuma ya hema ili wasijue nani ameumia wapi.

Mwalimu akagawa kadi za kuvaa shingoni. Kijani, umekwaruzika. Nyekundu, usipowahiwa unakufa. Nyeusi, umeshakufa. Mwokoaji akifika kwa mwenye nyeusi anahakikisha hapumui, kisha anampita aende kwa aliye hai. Nikajiambia, kumbe ndiyo elimu yenyewe. Miaka yote hiyo, kusomea kumpita mtu.

Nyeusi ilimwangukia Mama Debora.

"Hii iko ya nini?"

"Ya maiti, mama."

"Maiti nani? Miye? Kwa jina la Yesu nakataa!"

Akaitupa. Mama Sifa, mwenzake wa kwaya, akaikanyaga. Wakaanza kuikemea pale kwenye nyasi, mikono juu, na wote wakadai kijani. Hata nyekundu waliirudisha, kwa sababu kifo ukikivaa mwenyewe umekikaribisha. Mwalimu akaniuliza kwa Kiingereza kuna shida gani. Nikamjibu, "Wanaombea kadi."

Sitawacheka peke yao. Mimi pia naamini hivyo. Saluni, mteja akisema anakufa na njaa namwambia afute maneno. Lakini mwalimu alisema bila maiti hakuna mtihani, kundi la Riziki litarudia mwakani. Basi nikaokota kadi, nikafuta alama ya kiatu, nikaivaa.

"We Furaha, uko na watoto!" Mama Debora akarudi nyuma kama nina ukoma.

"Ndiyo maana nitakufa kidogo tu."

Mama Sifa akaona aibu, akachukua nyekundu.

Honi ikalia. Mama Debora, aliyekwaruzika kidole, alilia kama amefiwa na ukoo mzima, na vijana watatu wakamkimbilia na machela. Machela, kwa kidole! Mimi nililala macho yamefungwa, nyasi mbichi zinaniingia shingoni. Viatu vikapita. Halafu mtu akapiga magoti. Nilimjua Riziki kwa harufu ya mafuta niliyompaka kichwani asubuhi.

Akaweka mkono mbele ya pua yangu. Nikabana pumzi. Akasoma kadi. Hapo alipaswa kuinuka, hakuinuka.

"Yaya," akaniita, kwetu ndiyo dada mkubwa.

Akanishika mkono. Tulipokimbia kwetu Fizi tulimwacha baba kando ya njia, amekufa, amefunikwa kitenge, na Riziki, mtoto bado, alinivuta akilia tusiende. Nafikiri akili yake ilikuwa huko. Huenda nakosea.

Mama Sifa alikuwa akipiga kelele upande wa pili. Nikaongea meno nimeyabana: "Nimekufa. Pita, mjinga we!"

Akapita. Alimfikia Mama Sifa kwa wakati.

Baadaye mwalimu alimwambia amefaulu. Ningenyamaza, lakini ulimi wangu hauna adabu. "Mwalimu, maiti iliongea." Riziki alinikata jicho la kunizika kweli.

Mwalimu akajikuna kidevu. "Kila mwaka zinaongea. Kuna moja iliomba sigara. Yako ilipitwa?"

"Ilipitwa."

"Basi amefaulu."

Njia ya kurudi Mama Debora hakutaka nikae karibu naye kabla sijaombewa. Wakaniombea hadi Point, mikono yote kichwani, nywele zangu zikaharibika. Riziki aliangalia dirisha.

"Wenzako hawajui kutofautisha kidole na kifo?" nikamchokoza.

"Yaya, wacha."

Nikaacha. Nilikwenda kuidharau shule yao, na viatu vile, kipaza sauti na machela ya kidole bado nayadharau. Lile la kupita silidharau tena. Wala silipendi.

Jioni tulikula bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu. Riziki alipika mwenyewe, akanipakulia mimi kwanza, kabla ya mume wangu, na kila niliponyamaza kidogo aliacha tonge mkononi akaniangalia kifua kama bado kinapanda na kushuka.