Walifagia Bonde, Wakaambiwa Halina Watu

Ni Jumapili asubuhi, baridi ya jangwani bado inauma masikio, na Verna Hatcher amelala chali chini ya gari la mtu asiyemjua. Miguu yake tu ndiyo inaonekana, na viatu vya ngozi vilivyochubuka ncha. Pembeni, mwenye gari, daktari wa meno kutoka Fresno, ameshika kikombe cha kahawa na anauliza kwa mara ya tatu kama ekseli imevunjika.

"Imevunjika," Verna anajibu kutoka chini. "Ilivunjika pale ulipoliangalia hilo jiwe ukajiambia utapita."

Mke wa daktari anacheka. Daktari mwenyewe hana hamu ya kucheka. Gari lake limekaa juu ya mwamba, tairi moja hewani, na nyuma yake kuna foleni ya magari mengine yanayotaka kupita Korongo la Birika kabla Sikukuu ya Shukrani, ile ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, haijaisha.

Verna anatoka chini, anajifuta mikono kwenye suruali, kisha anavuta waya wa winchi, mashine ya kukokotea, kutoka kwenye lori lake. Anaufunga, halafu anatupa blanketi zito katikati ya waya, ili ukikatika usimfyeke mtu. Anawaamuru wote warudi nyuma, na wanarudi. Gari linashuka kutoka kwenye mwamba kwa kusuasua, likilia kama mlango wa zamani, na watu waliosimama juu ya mawe wanapiga makofi.

Ana miaka sitini na moja. Kazi hii ya kukwamua magari katika Bonde la Tarrant, upande huu wa Jangwa la Mojave, aliianza na marehemu mumewe, Royce, na tangu Royce afariki anaifanya peke yake. Gari lililonasa korongoni ni dola mia tatu na hamsini. Zamani msimu mmoja wa baridi ulimtosha kula mwaka mzima, na alikuwa na malori mawili. Sasa analo moja.

"Sikuuza lori kwa sababu nimezeeka," anasema. "Niliuza kwa sababu wamenichukulia nusu ya bonde."

Bonde la Tarrant ni ardhi ya umma. Halina geti wala tiketi. Fundi bomba na daktari wa meno wanapiga kambi pamoja mchangani, wanapunguza upepo kwenye matairi, wanaingia kwenye mawe kuvunja magari waliyoyajenga wenyewe kwa mwaka mzima. Asiyeelewa utamu wa jambo hilo haeleweshwi, na mwandishi huyu hatajaribu.

Lakini fujo hiyo ina adabu zake. Gari likisimama na boneti juu, hakuna anayepita bila kusimama. Na mtu akiondoka, mahali alipolala panatakiwa paonekane kama hapakulala mtu. Jambo hilo la pili ndilo lililowaponza.

Ng'ambo ya kilima cha magharibi kuna kambi ya jeshi, na watu wa bondeni hawajawahi kuwa na ugomvi nayo. Royce alikuwa askari wa kambi hiyo alipokutana na Verna. Emmett Quiroz, mzee wa miaka sabini anayeuza petroli na maharage ya nyama kwenye njia panda ya kuingia bondeni, alitumikia hapo nusu ya maisha yake ya jeshini. Kila usiku wa mazoezi vioo vya madirisha vilitetemeka, na watu waligeuka upande wa pili wakalala.

Kisha kambi ikasema haitoshi. Silaha za siku hizi zinapiga mbali, ikaelezwa, na vikosi vinahitaji uwanja mpana zaidi. Jicho likatupwa kwenye bonde.

"Mimi siyo adui wa wale vijana," anasema Emmett, akipangusa kaunta ambayo tayari ni safi. "Nataka wafanye mazoezi wachoke, warudi kwa mama zao wazima. Ila nimepiga mizinga nyuma ya kile kilima miaka kumi na miwili. Uwanja tuliokuwa nao hatukuwahi kuumaliza. Kuna pande sikuwahi kuziona hata siku moja."

Kabla ya kukata mipaka, ilisemwa, wataalamu watakuja kuangalia kama ardhi hiyo inatumiwa kweli na wananchi. Wangefika Jumanne, mara tu baada ya wiki ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo bonde hujaa kuliko wakati mwingine wowote. Watu walishangilia. Wakaona Mungu kawapa siku, maana mikono ya kuliandaa bonde ingekuwapo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Tarrant walisikia wageni wanakuja, wakafanya ambalo mwenye nyumba yeyote hufanya. Walisafisha.

Verna ndiye aliyeongoza. Hilo analisema mwenyewe, bila kuulizwa, na sauti yake inapungua anapofika hapo.

Watu zaidi ya elfu kumi walikuwa wamekula bata mzinga wiki hiyo kwenye ziwa kavu, uwanja tambarare wa upande wa magharibi, wakiwa na nyumba zao za magurudumu, pikipiki, mbwa na mabibi kwenye viti vya kukunja. Walipoanza kuondoka Jumapili, wenyeji na wageni wengi walibaki nyuma. Majivu yalichotwa kwa koleo yakatiwa kwenye ndoo. Mahali pa moto palifagiliwa kwa ufagio wa chelewa. Vyoo vya kukodi vilipakiwa na kuondolewa.

Kisha ikaja kazi ya sumaku. Watu wa huku huota moto kwa kuchoma vichanja vya mbao vya kubebea mizigo, na kila kichanja kikiungua huacha misumari mchangani, inayotoboa matairi na kuumiza kobe wa jangwani. Verna ana chuma kirefu chenye sumaku, anakifunga nyuma ya lori na kukiburuta uwanja mzima, kwenda na kurudi, mpaka kisinase hata pini. Mwaka ule alikiburuta mara mbili. Alitaka mambo yawe mazuri.

Wataalamu walikuja na kamera, watu wanne. Emmett aliwalisha maharage bure. Wakatembea kwenye ziwa kavu, wakapiga picha mchanga uliolala kama shuka iliyotandikwa, wakaandika, wakanywa maji. Mmoja wao, kijana mwenye kofia pana, alimpa Verna mkono wakati wa kuondoka.

"Akaniambia, mama, ni pazuri mno hapa, kana kwamba hapajawahi kukanyagwa na mtu," Verna anasimulia. "Na mimi nikamshukuru. Umenisikia? Nilimshukuru."

Ripoti ilipotoka, picha zilizotumika ni zile zile. Upande wa magharibi, ilisomeka, hauonyeshi dalili za kutumiwa na watu wengi. Mstari ukapigwa katikati ya bonde. Ziwa kavu lote likaangukia upande wa jeshi. Ni kujipalia makaa, tena kwa koleo lako mwenyewe.

Ulifanyika mkutano wa kusikiliza malalamiko, katika ukumbi wa shule ya mji wa Corliss. Verna hakuwa na picha, maana hakuna mtu anayepiga picha uchafu wake. Alikuwa na misumari. Yote aliyookota tangu aanze kazi alikuwa ameihifadhi nyuma ya karakana, akingoja bei ya chuma chakavu ipande, na bei haikupanda kamwe. Emmett na wenzake walivingirisha mapipa manne ya misumari hiyo hadi mbele ya meza kuu, sakafu ya ukumbi ikinung'unika.

Ofisa aliyekaa mezani alikuwa mtu mpole. Verna anasema ingekuwa nafuu kama angekuwa mkorofi. Aliinuka, akatumbukiza mkono kwenye pipa, akautoa ukiwa mwekundu wa kutu. Akasema hana shaka kwamba hiyo ni misumari mingi, na kwamba mama amefanya kazi ya kupigiwa mfano. Ila msumari hausemi umetoka wapi.

"Basi sema ulitaka tukuonyeshe nini," Emmett alimuuliza kutoka nyuma. "Tungekuachia kinyesi?"

Ukumbi ulicheka. Verna hakucheka, na mstari haukusogea hata hatua moja.

Leo kuna uzio katikati ya bonde, na mabango mekundu ya kuonya kuhusu mabomu ambayo hayajalipuka. Baada ya kumshusha daktari wa meno na kumwelekeza kwa fundi, Verna anapitia njia ya uzioni kurudi walikopiga kambi wageni, ingawa si njia fupi. Anasimamisha lori. Ng'ambo, kwenye ziwa kavu, yametapakaa maganda ya risasi, vipande vya mabati na masanduku yaliyopasuka. Tairi moja kubwa limeachwa katikati, limekaa tu.

"Wao hawafagii," anasema. "Ndiyo maana kila mtu anajua ni kwao."

Anatema mate dirishani na kuondoa gari.

Sasa zamu imefika kwenye nusu iliyobaki, ya mashariki, yenye Korongo la Birika. Jeshi linaiomba nayo. Wataalamu watakuja tena, na watakuja tena Jumanne, keshokutwa. Ikienda nusu hii, hakuna tena mahali pa kupanda mawe wala gari la kukwamua, na Verna atabaki na lori, winchi na uzio wa kutazama.

Safari hii wenyeji walikutana mapema kwa Emmett. Wakakubaliana jambo moja: mtu yeyote asisafishe mpaka wataalamu wapite. Majivu yabaki. Misumari ibaki. Vyoo vibaki, tena visimame mahali vinapoonekana. Verna alipinga usiku ule mpaka sauti ikamkauka. Aliwaambia heri wamnyang'anye bonde likiwa safi. Emmett ndiye aliyemvuta pembeni.

"Dada, Royce angesemaje?" alimuuliza.

"Royce angesema chukua ufagio."

"Na bonde tungelikosa tena."

Verna alikwenda nyumbani akaitundika sumaku kwenye ukuta wa karakana, na haijateremshwa tangu siku hiyo.

Jumatatu, jua linapochomoza, kambi inavunjwa. Misafara ya trela inatambaa kuelekea barabara kuu, na nyuma yao panabaki kile ambacho Verna amekipiga vita maisha yake yote ya utu uzima: vilima vya majivu, makopo, kiti kilichovunjika mguu, mifupa ya bata mzinga iliyokwisha kutafunwa na mbweha. Anatembea katikati yake, mikono mifukoni, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Karibu na mdomo wa korongo anamkuta mtu na mkewe wakichota majivu kwenye ndoo. Ni Wendell Ybarra, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Bakersfield, anayekuja hapa kila Shukrani. Habari ya makubaliano haijamfikia, au imemfikia akaikataa. Tayari amefagia nusu ya mahali pake pa moto.

"Acha, Wendell," Verna anamwambia.

"Namalizia tu, mama."

"Nimesema acha. Ulichochota, mwaga."

Wendell ananyanyuka polepole. Anamtazama Verna, kisha koleo, kisha Verna tena.

"Wewe ndiye uliyenifokea mbele ya mke wangu kwa sababu ya kizibo cha chupa," anasema. "Kizibo kimoja. Niliona aibu mpaka leo siachi hata uzi."

"Najua."

"Na sasa nimwage?"

"Mwaga, baba. Mimi nachukia kuliko wewe."

Mkewe ndiye anayeichukua ndoo na kuipindua. Majivu yanapaa, yanawatulia wote watatu kwenye nguo, na hakuna anayejipangusa. Wendell anaingia garini bila kuaga, jambo ambalo katika bonde hili halifanywi. Verna anayaangalia magurudumu yake mpaka vumbi linakwisha.

Anapoulizwa kama anaamini mpango huu utafaulu, anapandisha mabega. Pengine wataalamu watauona uchafu na kusema watu hawa hawafai kuachiwa ardhi, anasema. Wenye hoja ya kuchukua huwa hawakosi hoja. Lakini Jumatano asubuhi, wageni wakishaondoka, atateremsha sumaku, atakuja yeye na Emmett na yeyote mwenye mgongo mzima, na wataanza kwenye mahali pa moto pa Wendell.

"Nataka bonde langu lionekane chafu siku moja tu," anasema, "ili niruhusiwe kulisafisha miaka yangu iliyobaki. Siombi kingine."

Anageuka kurudi kwenye lori. Hatua chache mbele, kwa mazoea, anainama na kuokota msumari, mweusi, uliopinda kwa moto. Anaupapasa kwa kidole gumba, anaupeleka mfukoni, mkono unasita. Kisha anaurudisha chini, pale pale alipouokota.