Laini Iliyolala

Siku ya Alhamisi, mchana ukishageuka, chumba cha dobi hunyamaza. Pasi ya mkaa inakaa juu ya kigae ikiwa baridi, majivu yake yameshamwagwa, na blanketi linalotandikwa juu ya meza limekunjwa na kuwekwa pembeni. Mteja akichungulia mlangoni na kuuliza Mvuke yuko wapi, mdogo wake, ambaye hubaki akikunja mashuka peke yake, hujibu bila kuinua kichwa: "Leo Alhamisi." Wateja wa zamani husema "Ahaa" wakaenda zao. Wapya huambiwa waje kesho, na kama kesho ni mbali basi beseni lipo, sabuni ipo, wajifulie.

Mtaa ulimpa jina la Mvuke kwa sababu ya moshi mweupe uliokuwa ukitoka dirishani kwake tangu asubuhi, na pia kwa sababu ya hasira zake, zilizopanda upesi na kuyeyuka upesi. Mdogo wake amefanya naye kazi maisha yake yote ya utu uzima na anazijua hasira hizo moja moja: ya kola isiyotakata, ya kifungo kilichopotea, ya mteja anayeapa kwamba suruali yake haikuwa na kiraka. Zote zilikwisha kabla mkaa haujapoa. Hii moja haijaisha, na mdogo mtu haombi iishe.

Chanzo chake ni simu ya kazi. Simu yenyewe ilikuwa ya vitufe, herufi zake zimefutika kwa kuguswa na vidole vilivyolowa. Ilikaa kwenye rafu juu ya meza ya pasi, mbali na maji, na kazi yake ilikuwa kulia. Udobi wote ulikwenda kwa kubipu. Mteja akibipu mara moja, alikuwa anauliza kama nguo ziko tayari. Zikiwa tayari Mvuke alimbipu naye, zikiwa bado alikaa kimya. Akibipu mara mbili, maana yake njooni mchukue mzigo, na mdogo mtu alijitwika kikapu akatoka. Humo simuni wateja hawakuwa na majina ya watu. Walikuwa Shati Jeupe, Mapazia, Shuka za Wageni, Soksi Moja. Vocha iliwekwa zamani, ikakaa kwa ajili ya siku ya dharura, na hakuna aliyeigusa.

"Wanaoongea kwenye simu mikono yao haina kazi," Mvuke alipenda kusema. "Mimi yangu yote miwili imeajiriwa."

Na kila Alhamisi alasiri simu ililia mlio mmoja ikakatika, bila namba kuonekana. Huyo alikuwa Kitinda, mdogo wao wa mwisho, mchomelea vyuma katika nchi ambayo dada zake waliijua kwa kuisikia tu. Alhamisi ndiyo siku ya ujira, ndiyo siku aliyoweza kuazima simu ya huyu au ya yule. Mlio mmoja: niko hai, nimekula, msinililie. Mvuke alikuwa akiinua pasi juu ya nguo mpaka mlio ukatike, kisha akasema, "Mzima huyo," na kuendelea na mkono wa shati. Namba ya simu hiyo ya rafuni ndiyo pekee aliyokuwa nayo Kitinda kichwani. Ilikuwa ya marehemu mama yao. Aliikariri akiwa mtoto, na alipoondoka aliondoka nayo.

Kisha zikaja mvua ndefu. Nguo hazikauki, wateja wanapungua, mtandao unayumba. Dobi gani atashangaa simu ikikaa kimya msimu kama huo? Alhamisi ya kwanza bila mlio walisema Kitinda kahamishwa kambi ya wafanyakazi, maana aliwahi kupotea hivyo akarudi. Zikafuata nyingine. Mdogo mtu alimwona dada yake akiinua pasi hewani saa ile ile ya siku zote, akingoja, kisha akiishusha taratibu.

Mvua zilipokatika, Soksi Moja aliingia na furushi lake chini ya kwapa.

"Mvuke! Umeacha udobi unauza matairi, bila hata kutuaga?"

"Matairi gani?"

"Nakubipu, linapokea jibaba linaniuliza nataka saizi gani. Nikasema saizi ya kiuno au ya urefu? Nilitukanwa mpaka ukoo."

Mdogo mtu alicheka. Mvuke hakucheka. Alichukua simu rafuni, akambipu Soksi Moja aliyesimama mbele yake. Simu ya Soksi Moja ikakaa kimya mkononi mwake.

Walifunga mlango wakaenda duka la kampuni. Lilikuwa na vioo kila upande, ubaridi wa mashine, na muziki mdogo mdogo usiokwisha. Mhudumu, msichana mwenye sauti ya kupoza, aliiandika namba kwenye kompyuta yake, akaisoma tena, akasema:

"Laini ilikuwa imelala, mama."

"Imelala? Ilikuwa inalia kutwa nzima. Ililala saa ngapi?"

"Kupigiwa hakuhesabiki. Kubipu pia hakuhesabiki. Mfumo unaangalia matumizi. Mtu asipotumia salio, mfumo unaona hakuna mtu."

"Na salio langu?"

"Limekwenda na laini."

"Limekwenda wapi? Lina miguu?"

"Ulitumiwa ujumbe wa kukuonya, mama. Zaidi ya mara moja."

Huenda ni kweli. Kila siku ya Mungu simu ile ilipokea jumbe: shinda gari, kopa papo hapo, pata wimbo wa mlio, bashiri mechi. Mvuke alizifuta zote kila jioni bila kuzifungua, kama anavyokung'uta makombo mifukoni mwa suruali. Onyo lilikuja limevaa nguo za matangazo, likakung'utwa pamoja nayo.

"Basi nirudishieni namba yangu."

"Ina mtu mwingine sasa, mama. Ameshasajiliwa kwa kitambulisho chake."

Mdogo mtu alikaza moyo akingoja kelele. Hazikuja. Dada yake alisema tu, "Nishikie nafasi," akatoka. Foleni ilikuwa haijasogea sana aliporudi na koti la mwanamume mkononi, limefunikwa nailoni, limetundikwa kwenye henga.

Katika chumba cha dobi kuna kabati ambalo Mvuke huliita kabati la wasiorudi. Humo zimo nguo za waliohama, waliofilisika, waliokufa, waliosahau. Kila mvua zikiisha yeye huzitoa, huzianika, huzipiga pasi upya na kuzirudisha. Wauza mitumba wamembembeleza miaka nenda miaka rudi. Hajauza hata leso.

Alilitandika koti juu ya kaunta ya kioo.

"Hili mwenyewe aliliacha kwangu hujaanza hata kuvaa hivyo viatu virefu. Hajaja, hajapiga, hajabipu. Nimeliuza?"

"Mama, hilo ni koti…"

"Nauliza, nimeliuza?"

"Hujaliuza."

"Lina vumbi?"

"Halina, mama."

"Mimi nina kabati moja la mbao linaliwa na mchwa. Nyinyi mna jengo hili lote, na mnara ule, na mashine za kupuliza baridi. Mkakosa pa kuweka namba yangu?"

"Mjibu!" akadakia mtu kwenye foleni. Wengine wakaguna. Kelele hizo zilimtoa msimamizi ofisini, kijana mwenye tai nzuri na shati lililopigwa pasi kwa haraka, jambo ambalo halikumpita Mvuke.

"Yaliyopita yamepita, mama yangu," msimamizi alisema. "Tukupe laini mpya na kifurushi kizuri. Kipo cha siku, cha wiki, cha mwezi. Dakika kibao, intaneti, nyimbo, mpira."

"Mimi naongea labda dakika moja kwa wiki. Mna kifurushi cha mtu kama mimi?"

Msimamizi akatabasamu. "Kusema kweli, mtu wa hivyo hayupo kwenye mfumo wetu."

"Hayupo. Na huyu aliyekuja na koti ni nani?"

Mdogo mtu alikuwa akiyatazama mabango ukutani. Watu wa kwenye picha walikuwa wanacheka, vinywa wazi, simu masikioni. Kila kitu kilichouzwa mle ndani kilikuwa na siku yake ya kuoza. Unanunua maneno leo, usipoyasema mpaka keshokutwa yanachacha kama maziwa, na aliyekuuzia ndiye anayeyamwaga na ndiye anayekuuzia mengine. Msemaji hovyo anapewa nyongeza na zawadi. Mtu wa maneno machache, mtu wa mlio mmoja kwa wiki, anapokwa hata kile alichokilipia, kisha anaambiwa hayupo. Alifikiria wajane wa mtaa wao, walinzi wa usiku, wazee wanaoweka simu kando ya mto wa kulalia wakingoja wajukuu. Watu wangapi wameshalazwa na mashine hii wakiwa macho? Hasira zikampanda na yeye, asiyezizoea.

Msimamizi aliporudi ofisini, mhudumu aliinama juu ya koti kana kwamba analikagua.

"Mama, usinitaje. Usinunue kifurushi. Weka vocha ya kawaida. Kwenye menyu shuka mpaka chini kabisa, palipoandikwa Mengineyo. Kuna huduma ya kulipia kwa sekunde. Salio lake halina mwisho wa matumizi. Ila kila mwezi tuma ujumbe mmoja wa kulipia, hata kwa huyu dada hapa. Hata nukta tu. Mfumo ukuone."

"Nitume nukta ili nionekane niko hai?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hamkuiandika ukutani hiyo?"

"Hatuiuzi," msichana alisema, sasa kwa sauti yake ya kweli. "Ipo tu."

Walinunua laini mpya, wakashuka mpaka chini kabisa kwenye Mengineyo. Wakakaa kwenye ngazi za nje, koti mapajani, na Mvuke akaipiga namba ya mama yake.

"Matairi!" ikaitika sauti nene.

Duka la matairi lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Mwenyewe alikuwa mtu wa mwili, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na juu ya kichwa chake namba ya simu ilikuwa imepakwa ukutani kwa rangi nyekundu, kubwa, tarakimu kwa tarakimu.

"Kumbe ni nyinyi!" alisema. "Sina raha tangu ninunue laini hii. Nafunga tairi naulizwa mapazia. Ila kuirudisha siwezi, mama. Nimeshaipaka, nimeshachapisha kadi."

"Sikuja kuidai," Mvuke alisema. "Kuna mtu mmoja. Siku ya Alhamisi, namba haionekani. Analia mara moja."

Muuza matairi akachukua tambara, akaanza kufuta vidole.

"Alikuwepo."

"Alikuwepo vipi?"

"Alikuwa analia anakata, wiki baada ya wiki. Nikajua matapeli. Siku moja nikawahi kupokea. Akasema, 'Dada?' Mama, nilikuwa nimevurugwa siku hiyo, asubuhi nzima naulizwa mashuka…"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia dada yako kafa, namba sasa yangu, usinisumbue tena."

Gari lilikuwa linajazwa upepo hapo nje. Mashine ikazimika.

"Akajibu nini?" aliuliza mdogo mtu, kwa sababu dada yake hakuuliza.

"Hakujibu. Nilisikia vyuma vinagongwa huko aliko. Alikaa kwenye laini muda, halafu ikakatika. Hajapiga tena."

Mdogo mtu alijua hasira za dada yake zinapoanzia, pale shingoni, na aliziona zikipanda. Mvuke alimtazama yule mtu, akaitazama ile namba nyekundu ukutani, akaisoma yote kwa midomo bila sauti.

"Wewe ulinunua," alisema hatimaye. "Umefanya ujinga, lakini ulinunua. Waliokuuzia walikuwa wanasikia inalia. Kila siku walikuwa wanaisikia inalia."

Muuza matairi alikwenda nao mwenyewe kwenye kampuni, kesho yake, akiwa na mikono ile ile. Aliomba waangalie ni wapi simu ile iliyofichwa ilitokea. Aliambiwa taarifa za mpigaji ni siri ya mpigaji. Mvuke akauliza kama siri ya Kitinda ina thamani kuliko namba ya mama yake, akaombwa apunguze sauti. Yule mhudumu wa koti hakuwepo kwenye dirisha lake.

Wakiwa njiani kurudi, muuza matairi alisema, akiangalia barabara:

"Alhamisi njoo dukani, mama. Simu utaishika wewe. Mimi wateja wangu siku hiyo watanifuata kwa miguu."

"Nitakuja," Mvuke alisema. "Na hilo shati lako lilete, linanuka grisi."

Tangu hapo kila mwezi simu ya mdogo mtu hutikisika mara moja, na ndani ya ujumbe kuna nukta. Yeye haifuti. Kitinda hajalia bado. Wamewauliza wasafiri, wametuma salamu kwa watu wa watu, na hakuna anayejua ni kambi gani, wala kama pale alipo ameshamaliza kumlilia dada yake.

Leo ni Alhamisi. Mvuke yuko nyuma ya kituo cha mafuta, ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, na simu ya muuza matairi iko mapajani mwake.