Kisanduku cha Baridi

Kiyoyozi cha gari langu kilikufa mwezi uliopita tulipokuwa tunaingia Mikumi, jua la saa saba likiwa utosini. Kilikohoa mara mbili, kikapuliza hewa ya moto kama ya jiko la mkaa, kisha kikanyamaza. Gari ni kuukuu na mimi si msichana tena, kwa hiyo sikushangaa sana. Fundi wa kando ya barabara alinipa shikamoo, akainamia injini, akainuka na uso wa mtu anayeleta taarifa ya msiba. "Kompresa imekufa, mama. Hapa huipati, labda Morogoro." Nikamshukuru, nikashika njia ya Kilosa hivyohivyo. Nilikuwa na mdogo wangu, tunakwenda kijijini kufyeka majani kwenye kaburi la bibi yetu.

Hatukwenda mbali. Mbung'o mmoja alitua kwenye kioo cha mbele, na mkono wangu ukaenda wenyewe kupandisha kioo cha pembeni.

"Dada, unataka tufe na joto?" mdogo wangu akauliza, akijipepea kwa kipande cha boksi.

Nilikuwa nimeshafika mbali, ndani ya gari jingine, kwenye barabara hiihii.

Kijiji chetu, rafiki yangu, kilikuwa kipya wakati huo. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye mashamba yetu ya zamani, tukapangwa nyumba kwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Wazazi wetu walikuwa vibarua Kidodi kwenye mashamba ya miwa, sisi tukalelewa na bibi. Alfajiri kipande cha reli kiligongwa na watu wazima wakaenda shamba la kijiji. Sisi watoto tulibaki na kazi zetu: kuchota maji, kuanika mtama, kugombana na kuku waliotaka kuula huo mtama. Jioni moshi wa kuni ulilala juu ya mapaa yote, na harufu ya mlenda na dagaa wa kukaanga ikatuita mmoja mmoja bila mtu kupaza sauti.

Jirani yetu, mlango wa pili, ndiye pekee aliyekuwa na gari. Aliwahi kumwendesha meneja wa shamba moja la mkonge, na meneja alipoondoka kurudi kwao alimwachia. Lilikuwa la bluu iliyokolea, limechubuka, linawaka kwa kusukumwa. Lakini chini ya dashibodi lilikuwa na kisanduku cheusi chenye matundu matatu na kitufe kimoja. Hicho, jirani alisema, kilikuwa kinatoa baridi. Ndani ya gari lile, alisema, meneja alivaa koti mwezi wa kumi na moja!

Kila Ijumaa akimaliza kuliosha gari alituruhusu kuingia. Tulisogeza viganja kwenye matundu, naye akageuza kitufe kwa heshima zote. "Haya, nawasha." Hakuna kilichowaka. Sisi tukapiga kelele, "Baridi! Baridi!" tukajikunyata na kugonganisha meno. Mdogo wangu, wa miaka mitatu, alitushinda wote, maana yeye aliomba kabisa ajifunike khanga. Nami naapa nilikuwa nausikia ubaridi kwenye ncha za vidole. Bibi alikuwa akitutazama kutoka barazani kwake, akisema, "La kuvunda halina ubani." Jirani alicheka tu. "Mama, hii haijafa. Inapumzika."

Mwaka huo mvua zilichelewa. Mdogo wangu alishikwa na homa, siku ya pili degedege likamkunja mara mbili kabla ya adhuhuri. Mganga wa zahanati alimshika mtoto mkono kwa muda mrefu, kisha akamwambia bibi asiwe na haraka ya kumlaumu, ila dawa za pale zimefika mwisho; apelekwe Kilosa leo hii. Jirani hakungoja kuombwa. Vijana walilisukuma gari mpaka likawaka. Bibi aliingia ndani, akatoka na kifurushi kidogo alichokifunga kwa kamba, akapanda nyuma na mtoto mapajani. Mimi nilipandishwa kwa sababu nililia.

Barabara ile ilipita katikati ya pori, na pori lilikuwa la mbung'o. Walilipenda gari lile la bluu kuliko walivyowapenda ng'ombe. Kwa hiyo tulifunga vioo vyote, na ndani kukawa moto usiosemeka. Viti vya plastiki vilinata mapajani. Mdogo wangu alikuwa mwekundu machoni, ngozi kavu, anahema haraka kama kifaranga. Ukifungua kioo, mbung'o walimvamia yeye kwanza.

Mimi sikuogopa. Nilijua dawa ilipo. "Mjomba," nilimwambia jirani, "washa baridi."

Akabadili gia. Nikarudia. Akaendelea kutazama mbele. Nikajipenyeza kati ya viti viwili, nikashika kile kitufe na kukigeuza mpaka mwisho. Nikaweka kiganja kwenye matundu. Nikakigeuza tena. Vumbi lilitoka kidogo, basi.

"Mwanangu," jirani alisema, na sauti yake haikuwa ya siku zote, "ilikufa wewe hujazaliwa."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile. Kisha nikaona machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, naye hayafuti kwa sababu mikono yote iko kwenye usukani, na chuki ikaniishia.

Bibi alifungua kifurushi chake. Kilikuwa kitambaa cheupe cha bafta, kipya, kimekunjwa vizuri, na harufu ya karafuu maiti ilijaa gari zima. Nilikijua kitambaa kile. Kilikuwa sanda yake. Wazee wengi wa kwetu walikuwa na yao sandukuni, ili siku ikifika wasiwasumbue watu.

"Nipe maji," alimwambia jirani.

"Mama, hilo dumu ni la rejeta. Gari likichemka tutakwama porini."

"Gari likichemka tutatembea. Huyu akichemka zaidi ya hapa, mimi nitafanya nini?"

Jirani alisimama bila kuzima injini, akampa dumu. Bibi aliloweka bafta, akashusha vioo vya nyuma huku na huku, akakitandaza kitambaa kikaziba dirisha hili na lile, katikati kikipita juu ya mtoto, akakibana kwa vipande vya miti. Gari lilipoondoka upepo ulipita kwenye ule unyevu, na ukawa baridi. Baridi ya kweli, rafiki yangu. Mbung'o walijigonga nje na kubaki hukohuko. Matone yalimdondokea mdogo wangu usoni, naye akatoa ulimi kuyalamba.

Rejeta ilichemka karibu na Ulaya, si ile ya Wazungu, hii ya kwetu. Kina mama waliokuwa wakitoka kisimani walileta maji yao mpaka kwenye gari bila kuuliza sisi ni nani, wakajaza rejeta, wakaloweka na kitambaa, wakatusukuma mpaka gari likawaka. Tukafika Kilosa jua likielekea kuzama, na mtoto alikuwa hai.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipojiuliza bibi alibebea nini sanda siku ile. Hakuibebea dirisha. Alipokuwa anafunga kile kifurushi alikuwa anamfungia mjukuu wake.

Aliifua mara nyingi baadaye, lakini vumbi jekundu la barabara halikutoka. Alipofariki, ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni kwa ajili ya nguo, na bafta haikupatikana Mikumi wala Kilosa. Tukamzika nayo, na mistari yake ya vumbi.

Yote haya nilimsimulia mdogo wangu siku ile ya kiyoyozi kufa, vioo vimefungwa, jasho likitutoka. Sijui kwa nini sikuwahi kumwambia kabla. Jirani na gari lake hawapo siku nyingi, na nyumba zile za mistari zimebaki vichuguu.

Tulipoliona paa la msikiti wa kijiji, mdogo wangu aliacha kujipepea. Kisha akasema, "Dada, mimi msibani huwa nina aibu. Karafuu maiti ikinukia, wenzangu wanalia. Mimi nasikia ubaridi hapa usoni, natamani kulala. Nikafikiri labda sina moyo."

Nilisimamisha gari. Hatukushuka upesi.