Kamera ya Steshenari ya Mama

Baada ya kumzika mama, kompyuta ya steshenari yake pale Ifakara ikawa nzito. Fundi akakata intaneti, akaikagua, akakuta programu ya upelelezi. Ilikuwa imeingia na flashi ya mteja asiyejua, ikawa inawasha kamera kimyakimya na kumtumia picha mwizi wa mtandaoni aliye mbali. Kabla hajaifuta, akanionyesha picha ilizozificha: mama anachapa wasifu wa marehemu wa watu, mama anacheka na mteja, mama peke yake, ameshika tumbo, analia. Nyumbani alituambia maumivu yale ni uchovu wa shamba la mpunga tu.

“Futa zote!” nilimfokea fundi, kana kwamba kosa ni lake.

Mwizi asiyejua hata Ifakara iko wapi ndiye aliyemwona mama akilia. Sisi tulikuwa tunakula naye wali kila jioni.