Mkono wa Mpiga Kengele

Mpiga kengele wa kigango chetu hana kengele. Ana rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi, na kipande cha nondo anachokifuta kwa shati kabla ya kugonga. Viganja vyake vikubwa vimepasuka kwa baridi na jembe. Padri akisema, "Tupeane amani," yeye huzunguka benchi kwa benchi, akishika mikono ya bibi, ya watoto, hata ya wageni waliohamia na ng'ombe wao. "Amani ya Kristo," husema kwa ile sauti ya kukwaruza, na hauachii mkono wako mpaka umjibu, "Na kwako pia, mzee." Benchi la dirishani tu ndilo hulipita akikohoa, maana hapo hukaa mdogo wake, na mpaka wa shamba la ulezi uliwagombanisha zamani. Kikohozi kile tulikizoea. Juzi rimu ililia polepole, mlio wa msiba: mdogo wake amefariki. Kwenye misa ya maziko hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mfuniko. "Amani ya Kristo, mdogo wangu." Kwaya ikaimba Mwanakondoo wa Mungu mpaka mwisho, na kiganja bado hajakiondoa.