Kata Moja kwa Jumuiya Nzima

Salvina, mke wa Basili, amepikia jumuiya yetu mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huku Kibosho tangu alipoolewa, na desturi ya mpishi haijabadilika: yeye ndiye huonja kwanza kwenye kata ya kibuyu, mbele ya macho ya watu, ili ijulikane kwamba pombe haina neno. Kisha kata huzunguka, mdomo hadi mdomo.

Mwaka huu, habari za mafua makali zilipofika mjini Moshi, parokia haikutaharuki. Paroko alieleza, kwa sauti ile ile anayotangazia ndoa, kwamba chombo cha maji ya baraka mlangoni kitakaa kitupu, Komunyo itapokelewa mkononi, na amani tutatakiana kwa kuinamisha kichwa. Mwenye kikohozi asali nyumbani. Watu walitii kwa utulivu wa kupendeza. Kisha walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja kwenye kata, kana kwamba ugonjwa ulikuwa umeagizwa usivuke lango la kanisa.

Jambo hilo lilimkera Salvina kuliko alivyoweza kueleza. Basili alikuwa ametoka hospitalini na mapafu dhaifu, na daktari alikuwa ameonya kwamba mafua hayo yangeweza kummaliza. Kwa hiyo, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa jumuiya ilipofanyika uani kwake, aliomba kila mtu aje na kikombe. Mimi nilikwenda na changu. Wengi walikwenda na vinywa vyao tu.

Mzee Urbanus, aliyeketi ubavuni mwa Basili, alikohoa kiganjani, akasema mbege ya kikombe ni uji wa mgonjwa. Salvina alimkumbusha agizo la paroko. Urbanus akajibu kuwa paroko alisema ya kanisani, na hapa ni migombani. Salvina alichota mbege kwa kikombe chake mwenyewe, akaonja.

“Mama Ezra,” Urbanus alimwambia Salvina taratibu, “mpishi anayeikwepa kata yake ametia nini humo?”

Wachache walicheka. Basili hakucheka. Hakuweza kuvumilia mkewe ashukiwe nyumbani kwake.

“Nipeni hiyo kata,” alisema. “Nitaonja mimi, kisha nitampa Mzee Urbanus.”

Kata ikianza kuzunguka ingemrudia Basili, kwa hiyo Salvina alimtangulia. Aliijaza mbege, akainywa yote akiwa amesimama, povu likimshuka kidevuni.

“Nimeonja,” alisema. “Kata imemaliza kazi. Asiye na kikombe akanywe kwake.”

Akaingia nayo ndani, akafunga mlango.

Urbanus aliondoka na kiu, na nusu ya jumuiya ikamfuata. Ndoo nzima ya mbege ilichachuka, ikamwagiwa migomba. Basili, aliyejiona amenyang'anywa neno mbele ya wanaume wenzake, hakumsemesha mkewe tena.

Jumapili iliyofuata waliketi benchi moja. Wakati wa kutakiana amani, Salvina alimgeukia mumewe, akainamisha kichwa kama ilivyoagizwa, akangoja. Basili alitazama altareni. Lakini Salvina alikuwa karibu kiasi cha kukisikia kifua cha mumewe, nacho kilikuwa kikipumua bila mlio wa ugonjwa.